Goti likivimba na homa, mzigo usubiri

MFANYABIASHARA wa vitunguu anayetoka Karatu kwenda Nairobi ana sababu nyingi za kuamka na maumivu ya magoti. Amekaa saa nyingi amekunja miguu kwenye lori, amepanda na kushuka kukagua magunia, na pale Namanga amezunguka kutoka dirisha hadi dirisha mpaka karatasi zikatimia. Ndiyo maana goti likiuma, watu wa mipakani hawashtuki. Hununua vidonge vya diklofenaki kwenye duka la dawa lililo karibu na stendi, hujipaka dawa ya kuchua, na safari inaendelea.

Kwa magoti mengi, hakuna ubaya mkubwa katika hilo. Lakini kuna goti moja ambalo halistahili kutendewa hivyo. Ni lile ambalo juzi lilikuwa zima na leo limejaa, lina joto ukiligusa kuliko mwenzake, halikunjiki wala halinyooki, na mwenye nalo anatetemeka kwa homa. Hilo huenda si uchovu wala baridi yabisi. Huenda bakteria wameingia ndani ya kiungo, na kila siku inayopita wakiwa humo, sehemu ya kiungo inaliwa na haitarudi.

Hospitali za nchi tajiri, zenye maabara na vyumba vya upasuaji saa zote, zimeripoti kwa miaka mingi kwamba takribani mtu mzima 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi haya hufariki. Wengi zaidi hupona homa lakini hubaki na goti au nyonga isiyokunjika. Kwa mtu ambaye mtaji wake ni miguu na mgongo wake, goti lisilokunjika ni biashara iliyofungwa.

Wanaingiaje humo ndani

Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na kinachoteleza, na zote zimefungiwa ndani ya mfuko wenye utando mwembamba. Utando huo hutoa ute mzito unaofanana na ute wa yai, ndio unaolainisha kiungo kama grisi inavyolainisha beringi ya gurudumu. Ndani ya mfuko huo, katika hali ya kawaida, hakuna bakteria hata mmoja.

Njia kuu ya kuingia ni damu. Jipu kwenye paja, kidonda kati ya vidole vya miguu, kisigino kilichopasuka, maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo: bakteria hutoka hapo, husafiri na damu, na hupita kirahisi kwenye utando wa kiungo kwa sababu utando huo una mishipa mingi midogo na hauna ngozi ngumu ya kuwazuia. Bakteria anayeongoza duniani kwa watu wazima ni stafilokokasi, yuleyule wa majipu, ambaye watu wengi wazima wa afya humbeba puani na kwenye ngozi bila kuugua.

Njia ya pili ni tundu. Mwiba ulioingia kwenye goti wakati wa kushusha mkaa, msumari wa kreti, ajali ya bodaboda iliyofungua kiungo, au upasuaji. Na hapa ipo sindano ya goti. Watu wengi wenye magoti yaliyochakaa huchomwa dawa ya steroidi ndani ya kiungo na hupata nafuu ya wiki kadhaa. Ikichomwa na daktari, kwa vifaa safi na ngozi iliyosafishwa vizuri, hatari ya kuambukiza ni ndogo sana. Ikichomwa kwenye chumba cha nyuma cha duka, na mtu ambaye hajanawa mikono, inakuwa njia ya kupeleka bakteria moja kwa moja mahali walipokuwa hawana ruhusa ya kufika. Kuchanjwa chale juu ya goti lililovimba ni hatari ya aina hiyohiyo: wembe hufungua ngozi pale ambapo mwili tayari umelemewa.

Njia ya tatu ni mfupa wa jirani ulioambukizwa ambao usaha wake umepasukia kwenye kiungo. Hii huonekana zaidi kwa watoto.

Si watu wote wana hatari sawa. Walio karibu zaidi na tatizo hili ni wenye kisukari, wazee, watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, wenye baridi yabisi ya miaka mingi ambayo tayari imeharibu viungo, wanaotumia vidonge vya steroidi, na waliowekewa kiungo bandia. Wenye selimundu wako peke yao katika orodha hii: kwao mara nyingi mhusika ni Salmonela, jamaa wa karibu wa bakteria wa homa ya matumbo. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, waligundua kwamba Salmonela hao ndio walioongoza kwa watoto waliowatibu viungo vyenye usaha, tofauti na vitabu vya Ulaya vilivyokuwa vikitaja stafilokokasi kwanza. Ni mfano mzuri wa kwa nini tiba haipaswi kuandikwa kwa kubahatisha. Bakteria wa Blantyre si lazima awe wa London.

Goti lipi ni la hatari

Maumivu ya mizigo huja polepole, huzidi jioni na hupungua mtu akipumzika. Baridi yabisi hushika viungo vingi, mara nyingi vya pande zote mbili, vidole vya mkono huu na vya mkono ule, na asubuhi huwa vimekakamaa. Jongo hupenda kidole gumba cha mguu, huanza usiku mmoja kwa maumivu makali, na mara nyingi humpata mwanamume aliyekula nyama na kunywa bia.

Maambukizi ya bakteria kwa kawaida huchagua kiungo kimoja kikubwa. Kwa watu wazima, karibu nusu ya wagonjwa ni goti. Baada ya hapo huja nyonga, bega, kifundo cha mguu na kiwiko. Uvimbe hukua ndani ya saa au siku chache. Maumivu huwepo hata mtu akiwa amelala, na mtu mwingine akijaribu kukikunja kiungo taratibu, mgonjwa hupiga kelele. Homa huwepo kwa wengi, si kwa wote: mzee au mwenye kisukari anaweza kuwa na goti lililojaa usaha na kipimajoto kisionyeshe kitu cha kutisha. Kwa mtoto mdogo dalili inaweza kuwa moja tu, kwamba hataki kusimama au hataki mtu amguse mguu wakati wa kumbadilisha nguo. Akina mama wanaosafiri na watoto wachanga mgongoni wana sababu ya kulitazama hilo.

Lipo kosa ambalo mipakani hutokea kirahisi. Mtu ana homa, anapimwa malaria, kipimo kinaonyesha malaria, anapewa dawa na kila mtu anaridhika. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea wachache kwenye damu na bado chanzo cha homa yake kikawa kwenye goti. Malaria haivimbishi goti moja. Kipimo cha malaria kikiwa chanya na goti likiwa limejaa, kazi ya daktari imefika nusu.

Sindano itoe kwanza, ndipo dawa iingie

Kipimo kinachoamua ni kimoja, na hakihitaji mashine kubwa. Daktari au mtaalamu aliyefunzwa husafisha ngozi, huweka ganzi ikihitajika, huingiza sindano kwenye kiungo kilichovimba na kuvuta maji yaliyomo. Kwa goti ni kazi ya dakika chache. Nyonga iko ndani zaidi, kwa hiyo huongozwa na mashine ya utrasaundi. Kiungo bandia hakichomwi ovyo. Mwenye nacho apelekwe hospitali yenye daktari bingwa wa mifupa.

Maji hayo huanza kusema yakiwa bado kwenye bomba la sindano. Maji ya kiungo kizima ni maangavu yenye umanjano kidogo na huvutika kama uzi. Yenye maambukizi huwa na ukungu, au ni usaha mtupu. Maabara huhesabu chembe nyeupe: kiungo kizima huwa na chini ya 200 katika kila milimita ya ujazo, na zikizidi 50,000 madaktari wengi huanza tiba bila kungoja jibu lingine. Hesabu ndogo kuliko hiyo haimwachii mtu huru, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Maji hayohayo hutazamwa kwa hadubini kuona kama kuna bakteria au kama kuna chembe kali zenye ncha za jongo. Kisha hupandikizwa ili vimelea waote, jambo linalochukua siku moja hadi kadhaa, ndipo ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua.

Hapa ndipo vidonge vya stendi huleta hasara kubwa. Mtu aliyemeza dozi mbili tatu za antibaiotiki kabla ya kuchomwa anaweza kuwa amewaua bakteria wa kutosha wasiote maabara, lakini hajawaua wa kutosha kupona. Jibu linarudi likiwa tupu. Daktari anabaki gizani, analazimika kutumia dawa zenye uwezo mpana, za bei kubwa, kwa muda mrefu. Sindano moja ya seftriaksoni ya njiani ina hasara hiyohiyo. Vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na prednisoloni au deksamethasoni ni vibaya kuliko vyote: uvimbe hupungua, mtu huweza kutembea, naye husema dawa imefanya kazi, wakati kinga ya mwili imefungwa mikono na bakteria wanaendelea kula gegedu.

Kwa hiyo utaratibu ni kutoa maji kwanza, kuchukua damu nayo ipandikizwe, kisha antibaiotiki ianze papo hapo bila kusubiri majibu ya siku tatu. Mgonjwa aliyezidiwa, mwenye shinikizo la damu lililoshuka au fahamu iliyopungua, hupewa dawa mara moja hata kama sindano ya kuvuta maji bado haijapatikana, kwa kuwa hapo kinachookolewa ni uhai.

Eksirei huombwa sana na wagonjwa wenyewe. Ina kazi yake, kuonyesha mfupa uliovunjika au uharibifu wa zamani, ila katika siku za mwanzo za maambukizi mara nyingi huonekana safi kabisa. Mtu asiridhike na picha nzuri wakati goti linawaka moto.

Glasi ya maziwa mnadani

Wanunuzi wa mifugo wa Longido, Bissil na minada mingine ya ukanda wa mpaka wana ugonjwa wao wa viungo, nao haujitokezi kwa kishindo. Ni bruselosi, ambayo wafugaji wengi huifahamu kwa upande wa mnyama kama ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye ugonjwa huu hutupa mimba, na bakteria hujaa kwenye kondo la nyuma, majimaji ya uzazi na maziwa. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, kwa kushika ndama aliyetupwa au kondo la nyuma kwa mikono mitupu yenye michubuko, na wachinjaji huupata kazini.

Dalili huanza baada ya wiki chache, wakati mwingine miezi. Homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu usioeleweka, na maumivu ya viungo. Bruselosi inapenda nyonga, magoti, uti wa mgongo, na zaidi ya yote kile kiungo cha chini ya kiuno kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga. Mtu huona kama ni mgongo wa kubeba mizigo. Hutibiwa malaria mara tatu, hutibiwa homa ya matumbo mara mbili, na bado jasho la usiku linamlowesha shuka.

Utambuzi wake una mtego. Vituo vingi hutumia kipimo cha haraka cha kuganda kwa tone la damu juu ya kioo, ambacho kinajulikana kusema ndiyo hata pale ambapo ugonjwa haupo, na mara nyingine kukosa ulipo. Jibu la namna hiyo linahitaji kuthibitishwa na kipimo kingine kwenye maabara kubwa kabla ya mtu kuanza dawa za wiki sita. Kwa upande wake mgonjwa anaweza kusaidia kwa sentensi moja: "Mimi nafanya biashara ya mifugo na maziwa mabichi huwa nakunywa." Daktari wa mjini hatabuni hilo mwenyewe akimwona mteja aliyevaa koti. Watu wa maabara nao wanahitaji kujua mapema, kwa sababu bakteria huyu huwaambukiza wanaomwotesha.

Tiba yake ni ya dawa mbili pamoja, haitibiwi kwa moja. Mara nyingi ni doksisaiklini kwa wiki sita, ikiambatana na rifampisini kwa wiki hizohizo, au na sindano za aina ya streptomisini au jentamisini katika siku za mwanzo. Uti wa mgongo ukiwa umeguswa, muda huongezwa. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi doksisaiklini. Kwao daktari huchagua mchanganyiko mwingine. Anayeacha wiki ya pili kwa sababu amepata nguvu ana nafasi kubwa ya kurudiwa.

Maziwa yaliyochemshwa hayana tatizo hilo. Chai ya maziwa iliyochemka ni salama. Maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi si salama, hata yakiwa machachu kiasi gani.

Glasi hiyohiyo ya maziwa mabichi inaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, ingawa kifua kikuu kingi cha mifupa na viungo hutokana na kile cha kawaida kinachoambukizwa kwa hewa. Vimelea hutoka mapafuni, hukaa kimya kwenye mfupa, hata kwa miaka, kisha huamka. Takribani nusu ya wagonjwa wa aina hii hupatwa kwenye uti wa mgongo, na wakichelewa mifupa hubonyea na kibiongo hujitokeza. Wengine ni nyonga au goti moja linalovimba polepole kwa miezi, bila joto kali, huku paja likikonda. Wengi wao hawakohoi kabisa, kwa hiyo hakuna anayefikiria kifua kikuu. Hugunduliwa kwa kuchukua maji au kipande kidogo cha utando wa kiungo na kukipima, mara nyingi kwa mashine ileile ya vinasaba inayopima makohozi. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali za Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa viungo madaktari wengi huzitoa kwa miezi 9 hadi 12.

Kuna na ugonjwa ambao watu hawapendi kuuzungumzia mbele ya mwenzi. Kisonono kisichotibiwa huweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye viungo. Huanza na maumivu yanayohama, leo kifundo cha mkono, kesho kifundo cha mguu, pamoja na vipele vichache vyenye usaha, kisha hutulia kwenye goti. Humpata kijana mwenye afya, mwanamke au mwanamume, na wengi hawakuona dalili yoyote sehemu za siri. Habari njema ni kwamba hutibika haraka kuliko stafilokokasi na mara chache huharibu kiungo, ilimradi mgonjwa ajibu kwa ukweli anapoulizwa, na mwenzi naye atibiwe.

Si kila homa yenye viungo ni ya bakteria, na ukanda huu una ushahidi wake ndani ya lugha zake. Chikungunya ni neno la Kimakonde linaloeleza mtu aliyejikunja kwa maumivu. Ugonjwa huo ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 wilayani Newala, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1959 ukaibuka mwingine kaskazini mwa Uganda, nao ukaitwa kwa Kiacholi o'nyong-nyong. Huo ulivuka kwenda Kenya na Tanganyika na kuugusa umma wa watu takribani milioni 2 kabla ya kutulia. Vyote viwili ni virusi vinavyoenezwa na mbu. Huuma viungo vingi kwa pamoja, vidole, vifundo, magoti, na antibaiotiki haiwafai kitu. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi na hupewa parasetamoli. Diklofenaki na aspirini hungoja mpaka homa ya dengi iondolewe shaka, kwa kuwa dengi huweza kuleta kutokwa damu.

Usaha hautibiwi kwa kidonge peke yake

Kiungo chenye bakteria kinahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kumwagwa na kupewa dawa. Antibaiotiki peke yake haifui dafu kwenye mfuko uliojaa usaha. Kwa goti, daktari anaweza kuvuta maji kwa sindano kila siku mpaka yakome kujaa, au mgonjwa akaingizwa chumba cha upasuaji, akapewa nusu kaputi na kiungo kikaoshwa kwa maji mengi, ama kwa kupasua ama kwa matundu madogo yenye kamera. Nyonga kwa kawaida hupasuliwa, hasa kwa mtoto, kwa sababu shinikizo la usaha hukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja.

Dawa huanza kwa mshipa, mara nyingi kwa wiki mbili hivi, kisha hufuata vidonge mpaka zitimie wiki nne hadi sita. Muda huo unaweza kubadilika. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba waliohamishiwa vidonge ndani ya wiki ya kwanza hawakufanya vibaya kuliko walioendelea na sindano kwa wiki sita. Kwa mtu anayehesabu siku anazokosa soko, hilo lina maana kubwa. Lakini vidonge hivyo vilichaguliwa na wataalamu kwa mgonjwa mmoja mmoja, na wagonjwa walifuatiliwa kwa karibu.

Maumivu yakishapungua, kiungo hakifungwi na kuachwa. Mtaalamu wa mazoezi tiba huanza kukikunja na kukinyoosha mapema, kidogo kidogo, kabla hakijashikana. Wengi huogopa hatua hii kuliko upasuaji, na wengi waliobaki na goti la mti ni wale walioikwepa.

Nusu ya tiba iko upande wa pili

Namanga, Holili na Taveta, Busia na kwingineko, vituo vya pamoja vya huduma za mpakani vimefanya lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Mgonjwa bado husimama mara mbili. Daftari la kliniki la Busia ya Uganda halifahamiki kwenye kompyuta ya hospitali ya upande wa pili, na kadi ya bima ya nchi moja kwa kawaida haifungui dirisha la malipo la nchi nyingine. Anayeugua Taveta mara nyingi hufikiria kurudi Mombasa au Nairobi wakati KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, iko karibu zaidi kupitia Holili. Kwa goti lenye usaha, hospitali inayofaa ni ile yenye daktari wa kuvuta maji na chumba cha upasuaji inayofikika leo, iwe bendera gani. Kulipa taslimu siku ya kwanza ni ghali; kufika siku ya tano ni ghali zaidi.

Kinachoweza kuvushwa ni karatasi. Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa ana haki ya kuomba muhtasari wenye tarehe maji yalipotolewa, jibu la maabara na bakteria aliyeota, dawa alizopewa kwa majina yake halisi na si jina la biashara lililo kwenye boksi, dozi, na siku zilizobaki. Jina la biashara la Dar es Salaam huenda halijulikani Kampala. Jina la dawa yenyewe linajulikana kote. Picha ya karatasi hiyo kwenye simu huokoa siku ambayo begi limebaki kwenye basi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayehama njia aombe barua ya uhamisho kutoka kliniki yake, na abebe dawa za kumtosha safari pamoja na siku kadhaa za akiba, kwa maana magari huharibika na foleni za malori hazina saa.

Wanaotumia rifampisini, kwa bruselosi au kifua kikuu, waambiwe mapema kwamba mkojo, machozi na hata jasho hugeuka rangi ya machungwa. Si damu, wala si sababu ya kuacha dawa katikati ya safari. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wajue kwamba rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, na wanaotumia ARV wamwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Doksisaiklini humezwa kwa maji mengi mtu akiwa ameketi au amesimama, kamwe si wakati wa kujilaza juu ya magunia, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Nayo hufanya ngozi iungue kirahisi kwa jua, jambo ambalo mchuuzi wa soko la wazi hana budi kulikabili kwa kofia na mikono mirefu kwa wiki zote sita.